Kuogelea Tanga msimu wa joto: maswali tunayoulizwa mara kwa mara kuhusu watoto, bahari na kuzama

Kuanzia Desemba mpaka Februari joto la Tanga halina huruma. Desemba shule zimefungwa, kaskazi inavuma, na ukipita Raskazone Jumapili jioni mchanga huuoni kwa wingi wa watu. Maswali haya yametoka kwa wazazi wanaotuletea watoto kujifunza kuogelea Jumamosi asubuhi. Wengi huuliza wakiwa wamesimama mbali na maji, viatu mkononi. Tumeyaacha kama yalivyoulizwa.

Nimemkataza mwanangu kabisa kukanyaga pwani. Haitoshi?

Haitoshi. Sisi wenyewe tulikatazwa, kila mmoja. Mama yangu alikuwa na kipimo chake: ukirudi nyumbani anakukwaruza mkono kwa ukucha, ukitokea mstari mweupe wa chumvi, umepatikana. Basi tukajifunza kupitia kwanza kwenye bomba la msikitini, tukajimwagia maji, tukajipaka mafuta ya nazi tuliyoyaiba kwenye kichupa cha bibi. Katazo halikututoa baharini. Lilitutoa Raskazone, ambako shangazi fulani angetuona, likatupeleka kwenye mikoko upande wa Sahare ambako hapiti mtu.

Siku moja ya Desemba mdogo wangu, wakati huo ana miaka minane, alichukuliwa na maji akiwa amekumbatia tyubu ya tairi. Tulikuwa wanne. Hakuna aliyepiga kelele. Tulikimbia nyumbani tukakaa barazani kimya, kila mmoja akimsubiri mwenzake aseme, maana atakayesema ndiye atakayekiri tulikuwa wapi. Ilipita karibu nusu saa. Mdogo wangu aliokotwa na mvuvi aliyekuwa akirudi na ngalawa yake, na leo ana watoto watatu. Lakini ile nusu saa ya barazani ndiyo inayonitoa kitandani kila Jumamosi.

Mtoto anayeogopa fimbo kuliko maji hatamwita mtu mzima. Kwa hiyo mwambie kabla likizo haijaanza: mwenzako akipata shida majini, piga kelele, kimbilia mtu yeyote, na siku hiyo hapigwi mtu. Mrudie tena Idi na Krismasi, maana watoto husahau. Na wewe ukishaahidi, usimpige kweli.

Mtoto aanze kujifunza akiwa na umri gani?

Shirika la Afya Duniani linasisitiza watoto wa umri wa shule, kuanzia miaka 6 hivi. Chini ya hapo mzoeshe maji ukiwa naye, ila usidhani mafunzo yoyote yanamlinda. Kinachomlinda mtoto wa miaka mitatu ni mkono wako kumfikia.

Siku ya kwanza hatufundishi kupiga mikono. Mtoto analala chali, maji yanamfika mwalimu kiunoni, kiganja kimoja kiko chini ya kisogo cha mtoto na kingine chini ya mgongo. Karibu wote hukosea pale pale: wanainua kichwa waangalie miguu yao, nyonga zinazama, wanashtuka. Tunawaambia watie masikio majini. Masikio yakishazama na kidevu kikaelekea juu, tumbo linapanda lenyewe. Mwalimu anaondoa mkono kidogo kidogo, mpaka kinabaki kidole kimoja, kisha hakibaki kitu, na mtoto bado anaongea naye akidhani ameshikwa.

Anayeweza kuelea hivyo, akajigeuza, akarudi mwenyewe penye kina kifupi, ameshapata sehemu kubwa ya kinachookoa maisha. Mbio na mitindo itafuata akipenda.

Nitajuaje kama mtu anazama au anacheza?

Hapa methali yetu imetuponza. Tumekuzwa na "mfa maji haachi kutapatapa", kwa hiyo tunasubiri kuona kutapatapa. Anayechoka majini anaweza kweli kurusha mikono na kuita, na huyo bado ana nguvu. Anayezama hasa mara nyingi yuko kimya. Kinywa kiko usawa wa maji, kinaingia na kutoka, hana nafasi ya kuvuta pumzi, sembuse ya kupiga kelele. Kichwa kimeegemea nyuma, macho yanatazama pasipo kuona, mwili umesimama wima kama anayepanda ngazi, mikono inakandamiza maji pembeni. Hali hiyo huchukua kama sekunde 20 mpaka 60, na mtoto mdogo huweza kudumu sekunde hizo 20 tu. Kisha anaondoka.

Njia rahisi ni kumwita jina. Akijibu, mwache acheze. Akikutazama tu asijibu, nenda.

Ndiyo maana tunaomba watu wanaokuja pwani kwa familia wachague mtu mmoja wa kuangalia maji, kwa zamu, dakika kumi na tano kila mmoja, simu mfukoni. Watu wazima kumi na wawili wakikaa chini ya mkungu wakila mihogo na pweza, kila mmoja anaamini mwenzake anaangalia.

Nikimwona anazama, nimrukie?

Usimrukie. Wanaokufa wawili wawili mara nyingi ni ndugu, au baba na mwana, wa pili aliingia kumtoa wa kwanza. Mfa maji hushika chochote, na akikushika shingo hakuachii, awe na miaka kumi au arobaini.

Piga kelele kwanza ili watu waje. Kisha mfikie kwa kitu ukiwa umelala kifudifudi au umeshika mahali imara: kasia, upondo, tawi, kanga mbili zilizofungwa fundo. Akiwa mbali, mtupie kinachoelea.

Sisi tunatumia dumu la mafuta ya kula la lita 5. Linatiwa maji kama nusu kikombe ili lipate uzito wa kuruka, kifuniko kinakazwa, mpini unafungwa kamba ya mita kumi na tano. Unashika ncha ya kamba kwa mkono wa kushoto, au unaikanyaga, unatupa dumu lipite kichwa chake, kisha unavuta mpaka limfikie. Mtu mzima anaelea nalo kifuani bila shida. Halina gharama, dukani wanalitupa. Waendesha boti wawili pale Deep Sea walilicheka lilipoanza, sasa wanalo.

Ikibidi kabisa uingie, ingia na kitu kinachoelea ukisukume mbele yako, akishike hicho asikushike wewe. Mtu mwingine apige 114, Zimamoto na Uokoaji, au 112.

Ameshatolewa lakini hapumui. Tunafanya nini?

Mlaze chali mahali pagumu, si kwenye mchanga laini ikiwezekana. Inua kidevu, kichwa kiegemee nyuma kidogo, tazama kifua kwa muda usiozidi sekunde 10. Kama hapumui, au anakoroma kwa kukatakata kama samaki, anza.

Aliyezama amekosa hewa, kwa hiyo huanzwa na pumzi. Mbane pua, ziba kinywa chake kwa chako, mpulizie mara 5, kila mara kifua kiinuke. Kisha weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, ukandamize kwa nguvu mara 30, kina cha sentimita 5 hivi kwa mtu mzima, kwa kasi ya mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Pumzi 2, kukandamiza 30, pumzi 2, kukandamiza 30. Kwa mtoto tumia mkono mmoja, ukandamize theluthi ya unene wa kifua chake. Mkichoka mbadilishane, lakini msiache mpaka apumue au wafike wenye ujuzi. Ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache bila hewa, kwa hiyo kumpakia kwenye bajaji akiwa hapumui na kukimbia naye ni kuzipoteza dakika zenyewe.

Povu likitoka kinywani usikae unalifuta, endelea kupuliza. Akitapika, mgeuze ubavu, msafishe, mrudishe.

Kumning'iniza kichwa chini au kumminya tumbo maji yatoke?

Hapana. Hapana kabisa. Maji ya tumboni siyo yanayomuua, na ukiyaminya yanapanda, anayavuta mapafuni. Pipa la kumbingirishia nalo liachwe.

Amezinduka, anaongea, anataka kwenda nyumbani.

Kama alipoteza fahamu, alipuliziwa pumzi, anakohoa mfululizo, anapumua kwa shida au amelegea, apelekwe hospitali hata kama amekasirika. Kutoka Raskazone, Hospitali ya Bombo iko njia hiyo hiyo ya kurudi mjini. Mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kuchafuka saa kadhaa baadaye. Aliyekohoa mara mbili akarudi kucheza mwangalie tu mpaka alale.

Kwa nini mnazungumza sana habari za bamvua? Si mambo ya wavuvi?

Ni mambo ya kila anayetia mguu kwenye bahari yetu. Bamvua ni siku bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, na hapa Tanga maji yake hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 baina ya kujaa na kupwa. Huo ni urefu wa ukuta wa nyumba, na unakuja ndani ya saa sita.

Hesabu yake wazee wanaifanya kwa mwezi wa Kiislamu, na haihitaji simu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku chache baada ya hapo, ni bamvua. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu. Siku za bamvua maji hupwa sana karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hujaa karibu na saa kumi. Kila siku saa inasogea mbele kiasi cha dakika 50.

Sasa tazama siku ya mapumziko inavyokwenda. Familia inafika saa nne, bahari imekimbia, mchanga umeanikwa mpaka mbali, watoto wanatembea kwa miguu mpaka kwenye fungu la mchanga, wanaokota kombe. Kina mama wa mwani na pweza nao wako huko, lakini wao wanajua saa ya kurudi. Saa ya kwanza maji yanarudi taratibu, hakuna anayestuka. Saa ya tatu na ya nne ndizo zinazoleta mwendo: karibu nusu ya maji yote huingia katika hizo mbili. Tena hayaji kutoka mbele ya macho. Kati ya fungu na ufukwe kuna bonde ambalo ulilivuka asubuhi maji yakiwa ya vifundoni, na hilo ndilo linalojaa kwanza, nyuma ya mgongo wako. Watoto wanapogeuka kurudi, wao wako pakavu, njia ya nyumbani haipo.

Kwa hiyo ukifika muulize mvuvi yeyote, "Maji yanapwa au yanajaa?" Atakujibu bila kutazama bahari. Kama yanajaa, mtoto asivuke bonde.

Mkondo ukinivuta nifanyeje?

Ghuba ya Tanga imekingwa na visiwa na miamba, kwa hiyo mawimbi makubwa ya kuvunja mtu si mengi kama sehemu nyingine. Kinachovuta watu hapa ni maji yanayopita kwenye milango: kati ya visiwa, kwenye mapengo ya miamba, kwenye midomo ya mito na vijito vya mikoko, hasa maji yanapopwa.

Usishindane nayo kurudi ulikotokea, maana utachoka kabla hayajachoka. Lala chali, pumua, inua mkono mmoja kuita. Ukiwa na nguvu ogelea ubavuni mwa mkondo, sambamba na ufukwe, mpaka utoke ndani yake, ndipo urudi. Ukiwa huna nguvu elea tu. Tyubu na maboya ya kupuliza ndiyo mabaya zaidi hapa. Asubuhi upepo wa nchi kavu, umande, unayasukuma kuelekea nje, na mtoto aliyeshikilia haoni kuwa anakwenda mpaka amefika mbali.

Sisi tunakaa Mikanjuni, bahari hatuioni. Haya yanatuhusu?

Yanawahusu kuliko mnavyodhani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto chini ya miaka mitano. Wengi wa watoto hao hawakuwa wakiogelea.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu kichwa chake ni kizito ukilinganisha na kiwiliwili. Anainama kwenye ndoo ya lita 20 kutazama kikombe kilichozama, kichwa kinatangulia, mikono haina nguvu ya kumtoa. Maji ya sentimita chache yanatosha kuziba pua na mdomo. Ndoo haianguki, kwa hiyo hakuna kishindo. Mama yuko jikoni mita nne, anasikia kimya na kufurahi kuwa mtoto ametulia.

Maji yakikatika watu hujaza kila chombo, na hizo ndizo siku za kuangalia. Mapipa yafunikwe kwa kitu asichoweza kukisogeza. Ndoo na beseni zikishatumika zigeuzwe. Kisima kiwe na ukingo na mfuniko. Karo lenye ubao uliooza juu liwekewe zege hata kama fedha ni ya mkopo. Upande wa Pongwe na Amboni angalieni mashimo ya mawe. Mvua za vuli zikishayajaza yanakuwa ya kijani, yanapendeza, kingo zake zimekatwa wima na hakuna pa kushika ukitaka kutoka.

Mtoni je?

Zigi na Mkulumuzi baada ya mvua ya milimani hupanda hata kama mjini kuna jua. Maji yakibadilika rangi na kuleta majani na vijiti, tokeni. Pangani kuna mamba, mazungumzo yanaishia hapo.

Tukipanda boti kwenda visiwa vya Toten au Maziwe tuangalie nini?

Laifu jaketi, moja kwa kila kichwa, imevaliwa na kufungwa kabla boti haijaondoka. Iliyorundikwa chini ya benchi haikufai, hutaipata boti ikipinduka. Ya mtoto iwe ya saizi ya mtoto: mwinue kwa mabega ya jaketi, ikimpanda mpaka masikioni ni kubwa, maji yataivua. Tumewahi kupewa jaketi ambayo kamba zote zimekatika, na nahodha akasema "shika tu kwa mkono, mwanangu". Tulishuka. Wenzetu waliobaki walituona wagomvi.

Hesabuni watu. Meli ya Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba ikiwa imebeba abiria kupita uwezo wake, na pwani nzima inakumbuka. Sikilizeni pia taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ikitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, fedha mliyolipa isiwapandishe.

Maziwe, kule Pangani, inahitaji neno lake. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti. Leo ni fungu la mchanga, na maji ya bamvua yakijaa hufunikwa. Boti isiwaache pale ikaenda kuchukua kundi jingine.

Binti yangu anataka kujifunza, baba yake anasema si stara.

Tumezungumza na kina baba wengi na wengi wamekubali walipoona wenyewe. Mabinti wanafundishwa na mwanamke, asubuhi mapema, wamevaa fulana ya mikono mirefu, taiti na kilemba kinachobana. Kilichoshikana na mwili ni bora kuliko baibui au kanga, ambazo zikilowa huzinga miguuni. Tunawauliza kina baba swali moja: hao wanaokwenda mwanini na kwenye pweza ni akina nani? Ni wanawake, na wengi hawajui kuelea.

Wanasema pale mahali pana jini, kila mwaka anataka mtu.

Watu wa bara wakisikia Tanga wanataja majini kabla ya machungwa, tumezoea. Sitabishana na bibi wa mtu. Ila kila "mahali pa jini" nilipoonyeshwa, nilipokwenda na mvuvi maji yakiwa yamepwa, nimekuta kitu: shimo la ghafla, mdomo wa kijito, au pengo la mwamba. Wazee waliweka alama pale kwa lugha yao. Tuiheshimu alama, tusiogelee pale, na tuwaambie watoto kuna nini chini.

Mimi najua kuogelea tangu utoto. Bia mbili zina shida gani?

Mnazi nao umo kwenye swali hilo. Pombe inakupa ujasiri na kukunyima pumzi. Kunywa ukishatoka majini. Mwenye kifafa, hata anayetumia dawa vizuri, asiingie peke yake, wala kwenye bwawa la hoteli.

Nina miaka hamsini na mbili. Si nimechelewa?

Mwanafunzi wetu mkubwa kwa sasa ana miaka sitini na moja. Amevuna mwani tangu ujana na hakuwahi kupita maji ya kifuani. Alikuja kwa sababu ya mjukuu, akasema yeye atakaa pembeni tu. Jumamosi ya nne alilala chali, masikio majini, mwalimu akaondoa kidole cha mwisho. Alikaa hivyo dakika nzima akitazama mawingu, kisha akauliza bila kugeuza kichwa, "Mwanangu, bado umenishika?"